Lakini ya mwalimu mkuu

Alisimama na karatasi yake, ile ya mistari ya kuchana kwenye daftari, imekunjwa mara nne. Akasoma upande wa kwanza taratibu, kwamba kwa niaba ya wanafunzi, walimu na kamati ya shule anatushukuru sana kwa kisima, Mungu atuzidishie pale tulipopunguza. Watu wakapiga makofi. Akasubiri makofi yaishe, akageuza karatasi, akainua kichwa akaniangalia mimi pale meza kuu, akasema, "Lakini..."

Mimi nikagonga kengele.

Huo ndo ulikuwa mkutano wangu wa kwanza kama rais wa klabu yetu ya Rotary, hizi klabu za watu wa kujitolea wanaofanya miradi ya jamii, wiki ya kwanza ya Julai, na sasa ni wiki ya saba ile "lakini" bado iko kichwani. Naamka nayo. Nikiwa kwenye foleni ya magari pale Morocco, hapa Dar, naisikia.

Nimeona niandike, kwa sababu nimeshajaribu kukaa nayo kimya na imeshindikana.

Kengele

Waliowahi kukaa kwenye mikutano ya Rotary wanajua kengele ni nini. Rais anaigonga kufungua, anaigonga kufunga, na ikishagongwa mara ya pili basi, hata kama mtu ana neno tamu kiasi gani atakwenda kulimalizia parking. Nilifundishwa hivo na rais aliyenitangulia, mzee ninayemheshimu kama baba, aliniambia mwanangu, watu wazima ukiwachelewesha mara mbili ya tatu hawaji. Na ni kweli, watu wana familia, wana daladala za kuwahi, kuna mwenzetu anatoka kwetu anapitia kumchukua mtoto tuisheni.

Kwa hiyo nilifanya mazoezi. Siku tatu nzima nyumbani, mdogo wangu kashika simu anahesabu dakika, mimi nasimama mbele ya kabati la vyombo nasoma hotuba. Nilitaka saa moja na nusu kamili usiku ikifika niwe nimemaliza na kila mtu aone kwamba huyu mama anaweza.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa Sabasaba, wanaotokea upande wa Kilwa Road wote walikwama, tukaanza tumechelewa dakika ishirini. Hapo ndo nikaanza kuifukuza saa. Wimbo wa taifa, dua, yale maswali manne ya Rotary ya kujipima, kutambulisha wageni, faini, ripoti ya katibu, halafu hotuba yangu, halafu mgeni. Mgeni wa mwisho kabisa.

Baadaye niliomba kumbukumbu za katibu, huwa anaandika na saa. Hotuba yangu ilichukua dakika ishirini na mbili. Faini, zile za kutozana kwa kuchelewa na kwa birthday na kwa kuja bila pini, dakika kumi na moja. Mwalimu mkuu alipata sita.

Sita.

Mtu kapanda bodaboda mpaka kituoni, kapanda daladala mbili, kavaa suti mchana wa joto, kakaa na sisi saa nzima anatusikiliza tunacheka mambo yetu, na tulipofika kwake ndo tukakumbuka muda.

Kule getini

Nilimkimbilia. Hilo niliseme kwa sababu ni kweli, nilivua ule mkufu wa rais nikauacha mezani nikatoka nje, nikamkuta getini anaongea na mlinzi kuhusu usafiri.

Nikamwambia, "Mwalimu samahani sana, ulikuwa unataka kusema kitu."

Akatabasamu. "Ah, kitu kidogo tu mama. Nisingependa kuwaharibia siku yenu."

Nikasisitiza. Akasema tutaongea tu, Mungu akipenda, akanishukuru tena kwa kisima, bodaboda ikaja akapanda na suti yake akaondoka.

Nilirudi ndani nikakuta wenzangu wananipongeza. Mkutano umeisha saa moja na nusu na dakika moja. Nikapigwa picha na mkufu, na bendera, na nyundo ya kengele mkononi, na picha ile ndo ikaenda kwenye grupu, mpaka leo iko kwenye status za watu. Kwenye hiyo picha nimecheka vizuri sana, na mimi najua kichwani nilikuwa nawaza nini.

Maswali manne

Kitu kilichonikosesha usingizi zaidi ni kwamba mapema kwenye mkutano ule ule, kabla ya ile kengele, tulikuwa tumesimama wote, mkono kifuani wengine, tunasoma yale maswali manne. Tunayasoma kila wiki mpaka yamekuwa kama wimbo. Je, ni kweli? Je, ni haki kwa wote wanaohusika? Je, kitajenga nia njema na urafiki bora? Je, kitawafaa wote wanaohusika?

Maswali haya yana historia ambayo naipenda. Aliyeyaandika ni Herbert Taylor, mwaka 1932, Chicago, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi. Alikuwa amekabidhiwa kampuni ya kuuza masufuria ya aluminiamu iliyokuwa karibu kufilisika, akatafuta kipimo kifupi ambacho kila mfanyakazi angekishika kichwani. Na moja ya vitu vya kwanza vilivyokwama kwenye kipimo chake ni matangazo yao wenyewe, yale ya kusema sufuria zetu ni bora kuliko zote, maana nani kathibitisha? Wakayaacha maneno hayo. Rotary ikaja kuyachukua maswali yenyewe mwaka 1943.

Yaani swali la kwanza lilianza kwa kuwabana wenye kampuni, lilianza na sifa walizokuwa wanajimwagia wenyewe.

Na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watu kwa dakika ishirini na mbili nikisema klabu yetu imebadilisha maisha ya watoto zaidi ya elfu moja kwa maji safi. Niliitoa wapi? Kwenye ripoti ya mwaka jana. Nani alienda kuangalia? Hakuna. Mtu pekee aliyekuwa anajua kama ni kweli au si kweli alikuwa amekaa meza ya nyuma karibu na mlango, na karatasi imekunjwa mara nne.

Halafu kuna la lugha. Mkutano mzima tuliuendesha kwa Kiingereza. Ni mazoea tu ya tangu zamani, klabu hizi zilikuja huku kwetu wakati wa mkoloni, ya Nairobi ilianza 1930, na Kiingereza kikabaki kwenye kiti kama mto wa urithi. Sisi wote pale, mhasibu, daktari, mwenye duka la dawa, wakili, wote tunaota kwa Kiswahili. Lakini aliposimama mwalimu mkuu akaanza "Ndugu zangu wanarotary" niliona watu wakikaa vizuri, wakilainisha sura, ule upole mtu anaouvaa mgeni wa kusaidiwa akiingia. Nahisi na yeye aliuona. Mtu akishakuonesha upole wa namna ile unawezaje kumwambia kwamba kitu chake hakifanyi kazi?

Mwaka mmoja

Kwenye Rotary mwaka unaanza tarehe 1 Julai, kama mwaka wa fedha wa serikali, na rais anakaa mwaka mmoja tu. Mkufu una vibati, kila kibati kina jina la rais mmoja na mwaka wake. Ukiuvaa unavisikia vinagongana shingoni. Kibati changu bado hakijachongwa, cha mzee ndo cha mwisho kulia.

Nilikuwa nauona huu utaratibu ni mzuri sana na bado sehemu kubwa yangu inauona hivyo. Hakuna anayeng'ang'ania kiti. Hata wale wa mwanzo kabisa walianza hivo: tarehe 23 Februari 1905 wamekutana watu wanne kwenye ofisi ya Gustavus Loehr huko Chicago, aliyewaita ni wakili Paul Harris, lakini rais wa kwanza hakuwa Harris, alikuwa Silvester Schiele mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Harris alikuja kuwa rais baadaye, 1907. Hilo mimi hunigusa, mtu kaanzisha kitu na kakaa kwenye foleni.

Ila mwaka mmoja una ugonjwa wake, na nimeuona kwangu mwenyewe. Kila rais anaingia na mradi wake. Wa kwangu ulikuwa maktaba ya shule, nilishachora mpaka rafu, nilishajua kibao kitakaa wapi. Aliyenitangulia alikuwa na kisima. Aliyemtangulia yeye miti. Nikiuliza leo miti mingapi imepona, nani atanijibu? Kila Juni tunafunga vitabu, tunapiga picha, na ile kazi inabaki huko ilipo bila mwenyewe.

Nikawa najiuliza usiku, hivi kuna kitu gani kikubwa Rotary imekifanya kweli kweli? Jibu kila mtu analijua, polio. Na polio haikuwa ya rais yeyote. Kampeni ilianza 1985. Mwaka 1988 dunia ilikuwa na wagonjwa wapatao 350,000 kwa mwaka, nchi 125. Afrika imekuja kutangazwa haina polio ya asili Agosti 2020. Hesabu marais wa Rotary ya dunia nzima waliopita hapo katikati, thelathini na tano, kila mmoja na mwaka wake na kaulimbiu yake, na wote wakaendelea kumdondoshea mtoto matone mawili yale yale ya chanjo ambayo hayakuwa na jina lao. Mmoja hakufika hata kwenye mwaka wake, marehemu Sam Owori wa Kampala, alishachaguliwa kuongoza dunia nzima kuanzia Julai 2018, akafariki Julai 2017. Kazi ikaenda.

Sasa nikilinganisha na maktaba yangu na rafu zake.

LUKU

Wiki ya tatu nikaenda. Sikumwambia mtu kwenye klabu, sikuvaa tisheti yetu, nilivaa gauni na kandambili nikachukua daladala mpaka lami inapoishia halafu bodaboda. Nilifika saa nne asubuhi, muda wa mapumziko, na kitu cha kwanza nilichokiona ni madumu. Madumu ya lita tano, ya mafuta ya kula, ya njano na meupe, yamepangwa kwenye korido kila darasa na ya kwake. Watoto wanakuja na maji kutoka nyumbani.

Kisima kiko pale pale, kizuri, kimejengewa. Simtenki ya lita 5,000 juu ya mnara. Kibao cha marumaru kinang'aa, jina la klabu, jina la mzee, tarehe.

Mwalimu mkuu alinikaribisha ofisini akamtuma mtoto soda. Nikamwambia, "Mwalimu, nimekuja unimalizie ile sentensi."

Hakuuliza sentensi gani.

"Lakini umeme, mama," akasema. "Maji yapo. Kisima kizima, pampu nzima kabisa. Umeme wa kuyapandisha ndo hatuna."

Akanieleza. Pampu imeunganishwa kwenye mita ya LUKU ya ofisi, ile ya umeme wa kulipia kabla. Ukiweka umeme wa elfu kumi, ukipampu asubuhi na jioni watoto wote wanawe, vyoo vioshwe, wapishi wa uji wapate, wiki haiishi. Ruzuku inayokuja shuleni ina kazi zake chaki, mitihani, karatasi, ukarabati, na haikuwahi kupigiwa hesabu ya pampu. Akavuta droo akatoa kaunta buku. Kila mara umeme uliponunuliwa ameandika, tarehe na kiasi, kwa mwandiko wa mwalimu, umelala vizuri kwenye mstari. Nikaona safu ya mwisho imeandikwa "M.M." mpaka chini. Nikauliza M.M. ndo nani?

"Ni mimi mwenyewe. Mwalimu Mkuu."

Alikuwa analipa mfukoni. Toka kisima kizinduliwe mpaka Februari alikuwa analipa mfukoni kwake, halafu mtoto wake akaanza chuo, akashindwa.

Nikamuuliza kwa nini wazazi wasichangie, buku buku tu. Akanyamaza kidogo. Akaniambia kwanza tangu elimu bila ada ianze 2016 mwalimu mkuu hawezi kuamka tu asubuhi akatangaza mchango. Lakini hata pale alipofuata taratibu akaitisha kikao cha wazazi, walimuuliza swali moja: kile kibao pale si kimeandikwa wafadhili? Sasa wafadhili wako wapi?

Hapo nilihisi moto usoni.

Kibao chetu ndo kimewaambia wazazi kwamba kisima si chao. Tulikichonga kwa pesa, kwa upendo, mzee mwenyewe alikwenda Kariakoo kuchagua marumaru, na kile kibao kila siku kinasimama pale kinawaambia wanakijiji msiwe na wasiwasi, kuna watu.

Halafu mwalimu akatoa ile karatasi. Ile ile, ya mistari, bado imekunjwa. Alikuwa ameitunza kwenye kaunta buku. Akanipa nisome upande wa pili, ambao sikumwacha ausome.

Nilitegemea malalamiko. Nilishajiandaa.

Haikuwa malalamiko. Upande wa pili ulikuwa na mchoro wa kalamu ya risasi, uzio wa shule, kisima, na bomba linalotoka nje ya uzio mpaka barabarani. Anaomba tumsaidie mabomba machache na koki mbili, na barua ya kumwombea kibali, ili majirani wanunue maji pale nje kwa ndoo, wao sasa hivi wananunua kwa mikokoteni ya maji kwa bei ya kuumiza. Pesa ya ndoo inunue LUKU. Kamati ya wazazi ndo ishike kitabu. Amepiga mpaka hesabu ndoo ngapi kwa siku zinatosha, na chini ameandika "tukianza, hatutawasumbua tena."

Alikuja kwenye mkutano wetu na jibu. Amekaa saa nzima meza ya nyuma na jibu mkononi.

Kikao cha bodi

Nilirudi nikaitisha bodi. Nikaomba tuongee Kiswahili, wakakubali bila shida yoyote, na kikao kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kukaa kwa sababu kumbe watu wana mengi. Mtunza hazina alisema yeye toka mwanzo aliuliza gharama za kuendesha pampu akaambiwa tutaangalia mbele ya safari. Mwingine akasema tuweke sola tu tumalize. Sola si wazo baya, ila mimi nikauliza, betri na vifaa vikifa miaka minne ijayo, rais atakuwa nani na atakuwa anajua hicho kitu kipo? Pakawa kimya. Nikapendekeza maktaba isubiri, pesa yake ndogo iende kwenye mabomba na koki, na mwenye kwenda kuangalia kila baada ya miezi mitatu awe mtu mmoja wa bodi ambaye haondoki Juni.

Nilisoma mahali kwamba Harris alipokuwa rais wa ile klabu ya Chicago, moja ya kazi za mwanzo waliyoipigania ni vyoo vya umma mjini. Vyoo. Niliwaambia hilo bodi, kwamba huduma ya hawa watu ilianzia chooni, na sisi vyoo vya shule vinaoshwa kwa dumu la mtoto wa darasa la pili. Tukapiga kura, ikapita.

Na mambo yangeishia hapo ningekuwa sijaandika haya yote.

Mzee alikuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, hakuongea. Tulipomaliza akaniambia taratibu, mbele ya wenzetu, "Kwa hiyo Madam Prezidenti, unasema mradi wangu umekufa."

Nikasema hapana mzee, sijasema hivo.

Akasema, "Na kibao?"

Nilichelewa kujibu. Ukweli nilikuwa nafikiria kibao kitoke, au kigeuzwe kiandikwe jina la kijiji, na yeye alinisoma usoni kabla sijafungua mdomo. Akachukua kofia yake. Mikutano miwili sasa hajaja, na huyu ni mtu ambaye tangu nijiunge sijawahi kumwona akikosa, hata alipofiwa na mke wake wiki iliyofuata alikuja akakaa.

Nimeuliza nafsi yangu kama nilimfanyia na yeye kile kile. Nimempeleka kwenye kikao, nimesoma ripoti yangu, nimepiga kura, yeye akajua hali ya kisima chake kwa wakati mmoja na watu wengine kumi na mbili. Sikwenda kwake kwanza. Angekuwa baba yangu mzazi ningefanya vile? Mtu alitoa ndoto yake pale, alitafuta hizo pesa kwa kuwapigia watu simu mmoja mmoja mpaka usiku, mimi nilikuwepo nikimwona. Kisima chenyewe kizima. Aliyekosea hesabu ya umeme ni sisi wote tuliokaa mezani tukasema mbele ya safari.

Na yeye hajui habari ya "M.M." kwenye kaunta buku. Kwenye bodi sikuitaja, niliona kama ni siri ya mwalimu. Nimempigia mwalimu kumwomba ruhusa, akasema mwambie tu mzee, mimi na yeye ni watu wazima.

Mabomba yamefika shuleni Jumanne. Kibali bado kinasubiriwa serikali ya kijiji.

Jumamosi asubuhi naenda kwa mzee, Mbagala, mwenyewe. Nimemtumia ujumbe, ameusoma, hajajibu. Nitabeba mkate wa kumimina anaoupenda, na ile karatasi ya mistari ninayo kwenye pochi, mwalimu amenipa niende nayo, nataka mzee aisome yeye mwenyewe pande zote mbili.